Njaa, Hamu na Shibe: Historia Fupi ya Istilahi za Neva na Ulaji, kwa Mifano ya Handeni na Korogwe

Utangulizi

Neno njaa ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo hakuna mtu anayedhani kuwa yanahitaji maelezo. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na istilahi tumejifunza kwamba maneno yanayodhaniwa kuwa mepesi ndiyo yanayotaabisha zaidi yanapoingizwa katika vitabu vya sayansi. Neno hili moja hubeba mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni ukosefu wa chakula katika nchi, kama tunaposema "mwaka wa njaa". La pili ni upungufu wa chakula ndani ya mwili. La tatu ni msukumo unaomfanya mtu au mnyama aende kutafuta chakula na kukila. Mwanahistoria hushughulika na jambo la kwanza, mganga na la pili, na mtaalamu wa elimuviumbe anayechunguza ubongo hushughulika na la tatu. Wote watatu huandika njaa.

Jambo lililotusukuma kuandika makala haya lilitukuta katika zahanati moja wilayani Handeni, tulipokuwa tukikusanya maneno ya afya yanayotumiwa na wananchi. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto aliyekonda sana. Muuguzi alimwuliza, "Mama, mtoto ana njaa?" Mama akajibu, "Njaa anayo, dada, ila kula hataki." Muuguzi akaandika neno moja tu katika daftari lake: njaa. Mama yule hakuwa na elimu ya biolojia, lakini kwa maneno machache alikuwa ametenga mambo mawili ambayo daftari liliyachanganya. Tutaonyesha mwishoni kwamba tofauti hiyo si ya maneno matupu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyotambua, hatua kwa hatua, kwamba ulaji wa wanyama huongozwa na neva, na jinsi historia hiyo inavyotulazimisha kuchagua maneno yetu kwa uangalifu. Mifano yetu mingi tumeichukua Handeni, Korogwe na jirani zake, kwa sababu nchi hiyo imezijua njaa zote tatu.

Njaa ya nchi

Handeni na Korogwe ni wilaya za Mkoa wa Tanga zinazopakana. Mji wa Korogwe uko kando ya Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, na reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya nyika na vichaka ambako mvua haziaminiki. Wenyeji ni Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa, pamoja na watu wa makabila mengine waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Katika miaka ya 1830 nchi ya Uzigua ilipatwa na ukame na njaa kali. Watu wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, na wengi wao wakaishia kusafirishwa kwa majahazi hadi pwani ya Banadiri, ambako waliuzwa utumwani. Waliofaulu kutoroka walifanya makazi kando ya Mto Juba, na wazao wao walihifadhi Kizigua huko Somalia kwa zaidi ya karne moja na nusu. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na katika miaka ya 2000 walipewa makazi huko Chogo, wilayani Handeni. Baadhi yao walipata uraia wa Tanzania. Hivyo njaa moja iliwatoa watu Uzigua, na wajukuu wa wajukuu wao wakarudi huko wakiwa bado wanasema lugha ya mababu.

Katika miaka ya 1890 misiba ilifuatana. Sotoka iliua ng'ombe, nzige wakala mashamba, kisha ukame ukaja juu ya hayo yote. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani yalipita Korogwe na Handeni. Pande zote mbili zilichukua chakula cha wananchi na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi, na njaa ikafuata tena.

Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika kitabu juu ya Handeni kilichotoka mwaka 1992, ameeleza jambo linalotuhusu sana. Watu wa zamani hawakuishi na mbung'o kwa bahati. Waliwazuia kwa kulima, kulisha mifugo na kuchoma nyasi, hata vichaka vikakaa mbali na makazi. Mtaalamu wa wadudu, John Ford, alikuwa ametoa hoja ya jinsi hiyo mwaka 1971 juu ya Afrika kwa jumla. Njaa na vita vilipowapunguza na kuwatawanya watu, mashamba yaligeuka msitu, wanyama wa porini wakasogea, na mbung'o wakaja nyuma yao. Ng'ombe waliosalia wakafa kwa ugonjwa wa nagana. Kwa maneno mengine, njaa ya watu iliufungulia mlango ulaji wa mbung'o, na ulaji wa mbung'o ukarudisha njaa kwa watu.

Je, mbung'o naye ana njaa? Swali hili laonekana kuwa la mzaha, lakini mwandishi wa kitabu cha sayansi hawezi kulikwepa.

Njaa ya mbung'o

Mdudu huyu anajulikana kwa majina kadha. Kiswahili Sanifu humwita mbung'o, na wafugaji wengi wa Tanzania humwita ndorobo. Chafuo ni jina la nzi wengine wanaouma mifugo, na haifai kulichanganya na hayo mawili. Mbung'o, dume na jike, huishi kwa damu peke yake. Hali majani wala hanywi utomvu wa maua. Akikosa damu kwa siku chache hufa. Basi katika mdudu huyu tunaona ulaji ukiwa umepunguzwa hata kubaki maswali matatu: aruke lini, atue wapi, aache kunywa wakati gani?

Maswali yote matatu hujibiwa na neva. Kadiri siku zinavyopita tangu mlo wa mwisho, mbung'o huruka mara nyingi zaidi, na hushtuka upesi zaidi akiona kitu kinachosogea. Macho yake huvutwa na umbo kubwa na vitambaa vya rangi ya samawati na nyeusi, na ndiyo sababu mitego mingi ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa hivyo. Vipapasio vyake hunusa pumzi ya ng'ombe. Wataalamu waliofanya kazi katika nchi ambayo tangu 1980 inaitwa Zimbabwe walionyesha kwamba asetoni na oktenoli, kemikali zilizomo katika harufu ya ng'ombe, huongeza sana idadi ya mbung'o wanaoingia mtegoni. Akitua, huongozwa na joto la ngozi. Akichoma, vinyweleo vilivyo mdomoni huonja damu na kutoa habari kwamba inapita.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana mjini Tanga. Huko wataalamu walifuga mbung'o kwa wingi ili madume yafanywe tasa na kuachwa porini yajamiiane na majike bila kuzaa. Katika miaka ya 1970 kazi ya namna hiyo ilijaribiwa katika Ranchi ya Mkwaja, pwani kusini ya Pangani. Baadaye, kuanzia 1994 hadi 1997, mbung'o tasa waliozaliwa Tanga walidondoshwa kwa ndege kisiwani Unguja mpaka mbung'o wa kisiwa hicho wakaisha. Maelfu kwa maelfu ya mbung'o hao wangelishwaje? Walipewa damu ya ng'ombe iliyotiwa chini ya utando mwembamba na kupashwa joto. Mbung'o walitua, wakachoma utando, wakanywa. Hapakuwa na ng'ombe. Kulikuwa na dalili za ng'ombe tu, na dalili hizo zilitosha kuziamsha neva zilezile.

Vimelea navyo vimo katika hesabu hii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1980 ulieleza kwamba mbung'o walioambukizwa vimelea vya nagana walichoma mara nyingi zaidi kuliko wenzao wazima. Vimelea hukusanyika mdomoni, penye vinyweleo vinavyopima mwendo wa damu, na ikadhaniwa kwamba huvizuia visitoe habari sawasawa. Uchunguzi mwingine wa baadaye haukuona tofauti hiyo, kwa hiyo jambo lenyewe lilibaki na mjadala. Lakini wazo lake lafaa kukumbukwa: kuziba njia ya habari kwaweza kugeuza ulaji hata kama chakula hakikupungua.

Nzi na mbu wasiojua kushiba

Swali la tatu, yaani mnyama huacha kula kwa nini, lilipata jibu kwa nzi wa kawaida kabla ya kupata jibu kwa wadudu wanaonyonya damu. Mmarekani Vincent Dethier alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza nzi wa mizoga, na mwaka 1976 alitoa kitabu kizima juu ya njaa ya mdudu huyo. Nzi huonja kwa miguu. Ukigusisha mguu wake maji ya sukari, mara moja huteremsha mdomo. Anapokula, koo na kibofu cha chakula hutanuka, na neva nyembamba hupeleka habari za kutanuka huko kwenye ubongo. Dethier na mwenzake walipoikata neva hiyo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1958, nzi aliendelea kunywa na kunywa. Tumbo lilijaa pomoni, lakini habari ya kujaa haikufika.

Mwaka 1969 Robert Gwadz alionyesha jambo la namna hiyo kwa mbu. Alikata ugwe wa neva unaopita chini ya tumbo la mbu jike. Mbu huyo alipopata damu hakuacha kunywa. Alinywa kupita kiasi chake mara kadha, na wengine walipasuka. Kwa mbu mzima, kutanuka kwa tumbo hupelekwa ubongoni kwa ugwe huo, na mdomo huchomolewa.

Miaka michache baadaye, Klowden na Lea waliongeza sura ya pili. Mbu jike wa aina ya Aedes aegypti akishiba damu huacha kuwatafuta watu. Mwanzoni huzuiwa na tumbo lililotanuka. Lakini damu ikishasagwa na tumbo kunywea bado hamtafuti mtu, maana mayai yanapokua ndani yake huwapo kitu katika majimaji ya mwili kinachozizima neva zisiitikie harufu ya mtu. Akishataga, hamu hurudi. Kuna breki mbili basi: moja ya neva zinazopima kutanuka, nyingine ya kemikali za mwilini.

Mambo haya yana uzito mkubwa Korogwe na Muheza. Katika wilaya hizo, chini ya Usambara, ndiko Gillies na Wilkes wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani walikochunguza umri wa mbu wa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, kazi iliyochapishwa mwaka 1965. Walipasua vifuko vya mayai vya mbu na kutambua kila jike limekwisha kutaga mara ngapi. Kila kutaga kumetanguliwa na mlo wa damu. Vimelea vya malaria huhitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla havijaweza kuambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo mbu mwenye hatari si yule anayeuma mara ya kwanza. Ni yule aliyekwisha kula, akataga, akaona hamu tena, akarudi. Korogwe iliendelea kuwa uwanja wa kazi hiyo. Kati ya 2009 na 2014 ilikuwa, pamoja na Bagamoyo, kituo cha Tanzania katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto.

Fahamu au neva?

Hapa tunafika kwenye kazi yetu hasa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno moja, mshipa, kwa njia zote zinazofanana na kamba mwilini. Mshipa uliweza kuwa njia ya damu, uliweza kuwa kano, uliweza kuwa njia ya habari za mwili. Tena mshipa ni jina la maradhi ya kuvimba korodani, ambayo kwa watu wa pwani ya Tanga si mageni hata kidogo. Walimu walipotaka kutenga njia za habari walisema mishipa ya fahamu, na mfumo mzima ukaitwa mfumo wa fahamu. Baadaye waandishi wa biolojia walichukua neno neva, na mfumo ukaitwa mfumo wa neva. Katika vitabu vya shule majina yote mawili hukutwa, pengine ndani ya jalada moja.

Wako wenzetu wanaotetea fahamu kwa hoja zenye nguvu. Neno hili limezoeleka, wananchi hulielewa pasipo kufundishwa, na utaratibu wa kuunda istilahi hututaka tutazame kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Hatupingi utaratibu huo. Lakini istilahi haitakiwi kueleweka tu. Yatakiwa pia isiseme jambo lisilo kweli.

Fahamu katika Kiswahili ni kujua na kutambua. Mtu aliyezimia amepoteza fahamu, na akizinduka fahamu zimemrudia. Je, ugwe uliokatwa na Gwadz ulikuwa wa fahamu? Mbu aliyepasuka kwa damu hakupoteza fahamu. Alipoteza habari moja tu, habari ya tumbo lake. Na mbung'o wa Tanga aliyekunywa kutoka kwenye utando hakufahamu kwamba hapana ng'ombe. Tukisema ana mfumo wa fahamu tumekwisha kumfundisha mwanafunzi, kabla ya somo kuanza, kwamba mdudu hujua anachofanya. Hata katika mwili wa mtu kazi nyingi za neva hufanyika bila ya mwenyewe kufahamu. Tumbo husaga na utumbo husukuma chakula hata mtu akiwa usingizini.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba neva, ingawa limetoka nje, ndilo neno linalofaa. Ni fupi, linaingia bila taabu katika ngeli, na halina maana nyingine inayolivuta. Fahamu ibaki na kazi yake ya asili, ambayo ni kubwa: kuitaja hali ya kujitambua.

Kutoka tumboni hadi ubongoni

Kwa muda mrefu watu wa mataifa mengi waliamini kwamba njaa hukaa tumboni. Sisi wenyewe husema "tumbo linauma njaa" na "tumbo linaunguruma". Mwaka 1912 Cannon na Washburn waliupa usemi huo ushahidi. Washburn alimeza kipulizo chenye mrija, na kila tumbo lilipojikaza yeye alitoa ishara kwamba anasikia njaa. Mambo mawili yakaenda pamoja. Lakini baadaye ilionekana kwamba watu waliotolewa tumbo kwa upasuaji bado walisikia njaa. Basi tumbo hutoa habari, ila si lenye kuamua.

Mwaka 1940 Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ndogo ya haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo wa panya, na panya hao wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Bal Krishan Anand, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na John Brobeck, waliharibu sehemu nyingine ya pembeni mwa haipothalamasi hiyo. Panya wakaacha kula kabisa. Chakula kiliwekwa mbele yao, nao wakafa pasipo kukigusa.

Wataalamu wakasema kuna "kituo cha shibe" na "kituo cha njaa". Picha hiyo ilikuwa nyepesi mno, na uchunguzi wa miaka iliyofuata uliirekebisha, maana palipoharibiwa palikuwa pia na neva zinazopita kwenda kwingine zenye kazi nyingine. Leo tunajua kwamba haipothalamasi ni kama baraza linalopokea habari nyingi. Neva ya vagasi huleta habari za tumbo na utumbo. Leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994, hutoka katika mafuta ya mwili na kueleza akiba iliyopo. Ghrelini, iliyotambuliwa mwaka 1999, hutoka zaidi tumboni na kuchochea ulaji. Mambo ni yaleyale ya mbu, ila yamezidi kwa wingi: kuna neva zinazopima na kuna kemikali zinazosafiri, na uamuzi hufanyika baada ya yote kusikilizwa.

Panya wa Anand ndiye anayetutaka tuchague maneno vizuri. Alikuwa na njaa au hakuwa nayo? Mwili wake ulikosa chakula hata akafa. Lakini kilichomsukuma kula kilikuwa kimezimwa. Kiswahili kina neno la kila jambo katika hayo mawili. Mwili wake ulikuwa na njaa, na yeye hakuwa na hamu ya kula.

Hazina tuliyo nayo

Yafaa tukumbuke kwamba katika uwanja huu lugha yetu si maskini. Shibe ni hali ya kutosheka. Kukinai ni jambo jingine: ni kushiba chakula kimoja hata ukakichoka, huku bado ukiweza kula kingine. Aliyekinai ugali hukubali embe. Wataalamu wa neva walipoanza kulichunguza jambo hilo katika miaka ya 1980, katika lugha zao walilazimika kulieleza kwa fungu la maneno. Sisi tunalo kwa neno moja. Uchu ni hamu kali ya kitu mahususi, hata kama mwili hauna upungufu. Ulafi ni tabia ya kula kupita kiasi, na ni neno la kulaumu. Hivyo lisitumiwe kwa panya aliyeharibiwa ubongo wala kwa nzi aliyekatwa neva. Mgonjwa halaumiwi kwa ugonjwa wake.

Tunapendekeza basi maneno yafuatayo yatumike kwa maana hizi katika vitabu vya biolojia na afya:

(a) Baa la njaa: ukosefu mkubwa wa chakula katika nchi au sehemu yake.
(b) Njaa: hali ya mwili wa mtu au mnyama uliopungukiwa na chakula.
(c) Hamu ya kula: msukumo wa kutafuta na kula chakula, unaoongozwa na neva na kemikali za mwili.
(d) Uchu: hamu kali ya chakula fulani.
(e) Shibe: hali inayozuia ulaji usiendelee.
(f) Kukinai: kushiba chakula cha aina moja bila kushiba cha aina nyingine.
(g) Neva: njia ya kupitisha habari mwilini.
(h) Ugwe wa neva: fungu kuu la neva lipitalo katika urefu wa mwili wa mdudu.

Tukitumia maneno hayo, swali la mbung'o hujibika bila mzaha. Mbung'o huwa na njaa, maana mwili wake hupungukiwa. Huwa na hamu ya kula, maana neva zake humsukuma. Fahamu hatukumpa wala hatukumnyima, maana hilo ni swali lingine.

Hitimisho

Turudi sasa kwenye zahanati. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliwaandikia madaktari wenzake juu ya ugonjwa wa watoto aliouita kwashakoo, nasi pia huuita unyafuzi. Jina hilo hakulibuni. Alilipokea kwa akina mama wasemao Kiga, ambao kwa neno hilo walitaja ugonjwa wa mtoto anayeachishwa kwa sababu mwenzake anazaliwa. Akina mama walikuwa wametambua chanzo, na daktari alifanya jambo la busara kwa kulichukua neno lao.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi hupoteza hamu ya kula. Maambukizo na kuharibika kwa kazi za mwili huzizima zile njia tulizozieleza, na mtoto hufanana na panya wa Anand: chakula kipo, mwili unakihitaji, na mdomo unakataa. Ndiyo sababu taratibu za tiba zilizotangazwa mwaka 2007 na Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake hutaka mtoto wa namna hiyo apimwe hamu. Hupewa chakula maalumu mbele ya mhudumu. Akila vizuri na akiwa hana maradhi mengine makubwa, aweza kutibiwa nyumbani. Akikataa, hupelekwa hospitali kulazwa, kwa sababu maisha yake yako hatarini.

Sasa na tulitazame tena daftari la muuguzi. Neno njaa peke yake lamwambia asomaye kwamba mtoto anahitaji chakula, na mtu mwema atampa mama unga na kumruhusu aende zake. "Njaa anayo, hamu hana" yamwambia kwamba mtoto huyu asirudishwe nyumbani. Mama alikuwa amekwisha kuyasema hayo kwa Kiswahili kilicho wazi. Kilichokosekana ni daftari lenye nafasi mbili badala ya moja.

Kazi ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kutafuta maneno mapya kwa ajili ya mambo mapya. Mara nyingine ni kuyasikiliza maneno ya zamani yakisemwa na wenyewe, na kuhakikisha kwamba tofauti wanazozijua hazipotei zinapofika kwenye maandishi. Tunawaomba walimu, waganga na wauguzi, hasa walio Handeni, Korogwe na wilaya jirani, watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wananchi juu ya njaa, hamu na shibe, pamoja na maana zake kamili.